Nafasi ya Piano katika Malezi ya Mwongozaji wa Kwaya na Okestra: Usomaji, Solfa na Mkazo wa Maneno ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya piano katika malezi ya mwanafunzi anayejifunza kuongoza kwaya au okestra, hasa mwanafunzi wa Afrika Mashariki ambaye mara nyingi huanza na solfa, wala si na nota za mistari mitano. Hoja zinazotetewa ni tatu. Kwanza, kupiga andiko la muziki kwenye piano ni aina ya usomaji. Kwa hiyo hakupaswi kupimwa kwa wepesi wa vidole peke yake. Pili, ujuzi wa solfa si upungufu unaopaswa kufutwa kabla ya masomo ya piano kuanza, bali ni msingi unaorahisisha baadhi ya kazi ngumu zaidi za usomaji huo. Tatu, piano haitamki maneno. Hivyo mwongozaji wa nyimbo za Kiswahili hana budi kujifunza kupiga na kutamka kwa pamoja. Mwishoni panapendekezwa mpangilio wa mazoezi na njia ya kukabili utata wa istilahi.

1.0 Utangulizi

Katika Tanzania na Kenya, mtu anayesimama mbele ya kwaya huitwa kwa kawaida mwalimu wa kwaya. Jina hili linaeleza kazi yake vizuri kuliko istilahi ya mwongozaji. Kazi yake kubwa haifanyiki siku ya kuimba mbele ya hadhira, bali jioni za mazoezi, anapowafundisha waimbaji sauti moja baada ya nyingine na kusahihisha yaliyokosewa. Ili asahihishe ni lazima awe amekwisha kuusikia wimbo akilini mwake kabla ya waimbaji kuuimba. Swali la msingi ni hili: atausikiaje wimbo ambao haujaimbwa bado?

Jibu lililozoeleka katika vyuo vya muziki vya Ulaya na Marekani ni kwamba ataupiga kwenye piano. Mwanafunzi wa uongozaji hutakiwa kuweka mbele yake andiko lenye mistari minne ya kwaya, au kumi na zaidi ya okestra, kisha aligeuze papo hapo kuwa muziki wa mikono miwili. Stadi hii imekuwa sehemu ya mitaala kwa muda mrefu, na vitabu vya mazoezi yake vipo; kile cha R. O. Morris na Howard Ferguson kilichapishwa Uingereza mwaka 1931.

Sharti hili linapohamishiwa kwa mwanafunzi aliyelelewa katika kwaya isiyotumia ala, akapewa do kwa mdomo na kusoma solfa, linaweza kuleta matokeo mawili tofauti. Linaweza kumwongezea chombo cha kazi. Linaweza pia kumfungia mlango na kumfanya aonekane hajui kusoma muziki, ilhali amekuwa akiusoma tangu utotoni. Tofauti kati ya matokeo hayo inategemea jinsi stadi yenyewe inavyoeleweka.

2.0 Piano na Mwongozaji: Historia kwa Ufupi

Uhusiano wa piano na uongozaji una mizizi katika nyumba za opera za nchi zinazozungumza Kijerumani na za Ulaya ya Kati. Huko kijana aliyetaka kuwa mwongozaji alianza kwa kuwapigia waimbaji piano katika mazoezi, akiwafundisha sehemu zao na kuwasikiliza. Georg Solti (1912–1997) alianza hivyo katika Opera ya Budapest. Kabla yake, Hans von Bülow (1830–1894) alijulikana kwa upigaji wa piano na kwa uongozaji vilevile. Huko Leningrad, Ilya Musin (1903–1999) alifundisha uongozaji katika madarasa ambamo wapiga piano walichukua nafasi ya okestra, na mwanafunzi akawaongoza wao.

Hata hivyo, historia hiyohiyo ina mifano ya kinyume. Hector Berlioz (1803–1869), aliyekuwa mwongozaji mashuhuri wa zama zake na mwandishi wa mwongozo kuhusu sanaa hiyo, hakuwa mpiga piano. Ala alizozijua zaidi zilikuwa filimbi na gita. Arturo Toscanini alikuwa mpiga selo alipoitwa ghafla kuongoza opera ya Aida huko Rio de Janeiro mwaka 1886, akiwa na umri wa miaka 19, naye akaiongoza kwa kumbukumbu. Serge Koussevitzky alikuwa mpiga besi ya nyuzi, naye alimwajiri Nicolas Slonimsky ampigie maandiko ya okestra kwenye piano wakati akijiandaa.

Mifano hii inafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba piano si kiini cha uongozaji; kiini ni kusikia kwa akili. La pili ni kwamba asiyekuwa na stadi hiyo hulipa gharama mahali pengine: ama awe na kumbukumbu isiyo ya kawaida, ama awe na uwezo wa kumwajiri mtu wa kumpigia. Mwanafunzi wa kawaida hana vyote viwili. Kwake piano ni njia ya kujitegemea.

3.0 Mifumo Miwili ya Kuandika Muziki

Solfa iliyoenea Afrika Mashariki kupitia shule na makanisa ya wamisionari ilitokana na kazi ya John Curwen (1816–1880) wa Uingereza, ambaye naye aliuendeleza mfumo wa Sarah Glover wa Norwich. Katika mfumo huu sauti saba za ngazi huandikwa kwa herufi d, r, m, f, s, l na t. Mapigo hutengwa kwa nukta mbili, vipimo kwa mstari wa wima, na sauti inayoendelea huonyeshwa kwa kistari. Juu ya wimbo huandikwa mahali do ilipo, kwa mfano “Do ni G”. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake ni ya wimbo wa taifa wa Tanzania, aliandika kwa solfa.

Kwa mtazamo wa isimu, tofauti kati ya solfa na nota za mistari mitano inakaribiana na ile iliyopo kati ya fonimu na sauti halisi. Herufi m katika solfa haitaji kidatu fulani. Inataja uhusiano wa sauti hiyo na do, kama vile fonimu inavyotambulika kwa uhusiano wake na fonimu nyingine katika mfumo. Nota iliyo juu ya mistari mitano, pamoja na alama zinazoitangulia, hutaja kidatu chenyewe, na kila nota ina kibao chake kwenye piano. Mfumo mmoja huandika kazi ya sauti, wa pili huandika mahali pake.

Hakuna mfumo ulio bora kwa kila jambo. Solfa humwezesha mwimbaji kupata sauti bila ala, lakini huwa nzito pale do inapohama mara kwa mara, na haionyeshi kwa macho umbo la kupanda na kushuka kwa tuni. Mistari mitano huonyesha umbo hilo na hubeba ala nyingi kwa pamoja, lakini haimwambii msomaji moja kwa moja kila nota ina kazi gani. Mwongozaji anahitaji taarifa zote mbili. Kwa mantiki hiyo, mwanafunzi wa solfa anayejifunza piano hafuti ujinga. Anajifunza mfumo wa pili wa maandishi, kama msomaji wa hati za Kiarabu anavyojifunza hati za Kilatini bila kuacha kuwa msomaji.

4.0 Mfano wa Simfoni ya Tano ya Beethoven

Faida ya solfa huonekana wazi katika suala linalowatatiza sana wanafunzi wa piano, yaani ala zenye mhamo. Hizi ni ala ambazo nota iliyoandikwa si ile inayosikika. Klarineti ya B bapa husikika nota nzima chini ya kilichoandikwa. Horni ya F husikika hatua ya tano chini. Horni ya E bapa husikika hatua ya sita kubwa chini. Anayesoma andiko kwenye piano hana budi kuhamisha kila mstari wa namna hiyo papo hapo.

Katika mwanzo wa Simfoni ya Tano ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808, ala za nyuzi na klarineti hupiga tuni moja. Fidla zimeandikiwa G, G, G, E bapa, kisha F, F, F, D. Klarineti za B bapa zimeandikiwa A, A, A, F, kisha G, G, G, E. Mwanafunzi anayetazama nota peke yake huona tuni mbili zinazopingana. Lakini katika mstari wa fidla do ni E bapa, na katika mstari wa klarineti do ni F. Kwa solfa mistari yote miwili husomeka vilevile: m, m, m, d, kisha r, r, r, t. Mgongano uliokuwa machoni hautokei masikioni.

Mfano wa horni unaongeza nguvu ya hoja hii. Katika kipimo cha 59 horni za E bapa huita peke yake. Sauti zinazosikika ni B bapa mara tatu, E bapa, F, na B bapa. Zilizoandikwa ni G mara tatu, C, D, na G, bila alama za bapa mwanzoni mwa mstari. Kwa solfa ni s, s, s, d, r, s. Horni ya zama za Beethoven haikuwa na vali, nayo iliandikwa kana kwamba do ni C siku zote, huku jina la mrija likimwonyesha mpigaji do halisi ilipo. Kwa maneno mengine, andiko la horni asilia lenyewe lilikuwa aina ya solfa iliyovaa nota.

Mwanafunzi anayejua solfa, akionyeshwa jambo hili mapema, anaweza kuhamisha mstari kwa kuuliza swali moja tu: do iko wapi? Asiyeijua hulazimika kuhesabu umbali wa kila nota, na hesabu ikikosewa katika kasi ya muziki hakuna nafasi ya kurudi nyuma. Basi ni kosa la kimbinu kumwambia mwanafunzi aache solfa siku anapoanza piano.

5.0 Piano Isiyotamka: Mkazo na Silabi

Piano hutoa kidatu, muda na nguvu ya sauti. Haitoi konsonanti, wala haijui silabi ipi ina mkazo. Upungufu huu ni mdogo kwa anayeandaa simfoni, lakini ni mkubwa kwa anayeandaa wimbo wa Kiswahili.

Mkazo wa Kiswahili, isipokuwa katika maneno machache, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo neno linaporefushwa mkazo huhama. Katika “imba” mkazo uko kwenye silabi ya kwanza. Katika “imbeni” uko kwenye “mbe”. Mtunzi aliyeweka “imba” juu ya pigo zito, kisha katika ubeti wa pili akaweka “imbeni” kuanzia pigo lilelile, ameuhamishia mkazo mahali pasipo pake. Mara nyingi neno litasikika geni tu. Lakini zipo jozi ambazo mkazo hubadili maana. “Barabara” yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia. Yenye mkazo kwenye silabi ya pili ina maana ya sawasawa.

Tatizo la pili ni nazali inayojitegemea kuwa silabi. Neno “mtu” lina silabi mbili, na m ndiyo yenye mkazo. “Mtoto” lina silabi tatu. Lakini “mwana” lina silabi mbili tu, kwa kuwa m imeungana na kiyeyusho, na “mbuzi” pia lina silabi mbili, kwa sababu mb ni konsonanti moja yenye unazali. M ya “mtu” ni mabaki ya kiambishi mu-, nayo imehifadhi nafasi ya silabi iliyopoteza irabu yake. Mwimbaji anayeipa nota yake huliimba neno lilivyo. Akiibana m pamoja na “tu” katika nota moja, hupoteza silabi yenye mkazo.

Mambo haya hayaonekani kwenye vibao vya piano. Mwanafunzi anaweza kuupiga wimbo bila kosa na bado asijue kuwa ubeti wa tatu hauimbiki. Dawa yake ni zoezi la kuimba sauti moja kwa maneno huku mikono ikipiga sauti tatu zilizobaki, kisha kubadilisha sauti hadi zote nne ziwe zimeimbwa. Kwa nyimbo za beti nyingi, zoezi lirudiwe kwa kila ubeti, kwa kuwa tuni ni ileile lakini maneno si yaleyale.

Ikumbukwe pia kuwa haja hii si ya Waswahili peke yao. Wimbo “Baba Yetu” wa Christopher Tin wa Marekani, uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2005 na kushinda tuzo ya Grammy mwaka 2011, huimbwa na kwaya nyingi ambazo waimbaji wake hawajui Kiswahili. Mwongozaji wa kwaya ya namna hiyo yuko katika hali ya mwanafunzi wetu mbele ya klarineti: anaona alama, lakini hana budi kufundishwa zinavyosikika.

6.0 Suala la Istilahi

Ufundishaji wa stadi hii kwa Kiswahili hukabiliwa na utata wa maneno. Neno “sauti” hubeba maana za mlio, kidatu, ukubwa wa mlio, uwezo wa mtu wa kuimba, na sehemu ya wimbo. Mwalimu akisema “sauti ya pili iko juu”, mwanafunzi anaweza kuelewa kuwa waimbaji wa alto wanaimba kwa nguvu mno, kwamba kidatu chao kimepanda, au kwamba sehemu yao imeandikwa juu. Katika mazoezi kila maana inadai sahihisho tofauti. Fonetiki ya Kiswahili tayari ina neno “kidatu”. Inafaa litumike pia katika muziki, “sauti” ibaki kwa sehemu ya wimbo, na “nguvu” itumike kwa ukubwa wa mlio.

“Ufunguo” nao hutumika kwa vitu viwili: alama inayowekwa mwanzoni mwa mistari mitano, na ngazi ambayo wimbo umejengwa juu yake. Kwa kuwa kwaya zimezoea kusema “Do ni G”, istilahi ya “makazi ya do” inaweza kuchukua maana ya pili, na “ufunguo” ikabaki na ya kwanza. Kuhusu kitenzi, Kiswahili husema kupiga ngoma, kupiga zumari na kupiga kinanda. “Kucheza piano” ni tafsiri sisisi, nayo huleta mgongano, maana acheze ngoma ni anayecheza dansi, wala si anayeipiga.

Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, lina dhima ya kusanifu istilahi. Lakini istilahi ya muziki haitaishi kwa kuorodheshwa tu. Itaishi ikiwa itawasaidia waalimu wa kwaya kusema jambo moja na kueleweka jambo hilohilo.

7.0 Mpangilio wa Mazoezi Unaopendekezwa

Kutokana na yaliyojadiliwa, mazoezi yanaweza kupangwa kwa hatua tano.

(a) Sauti mbili za nje, soprano na besi, zipigwe kwa mikono miwili kutoka kwenye wimbo ulioandikwa kwa solfa. Hapa mwanafunzi anajifunza vibao pekee, kwa sababu alama anazijua.

(b) Wimbo uleule usomwe katika mistari mitano, sauti nne zikiwa katika mistari minne tofauti. Izingatiwe kuwa tena, ikiandikwa kwa ufunguo wa G, husikika oktavu moja chini.

(c) Sauti moja iimbwe kwa maneno na nyingine zipigwe, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 5.0.

(d) Ufunguo wa C uingizwe kupitia andiko la fidla mbili, viola na selo. Katika mstari wa viola, C ya kati iko kwenye mstari wa tatu. Katika ufunguo wa tena, iko kwenye mstari wa nne.

(e) Ala zenye mhamo zifuate, moja baada ya nyingine, kwa kutafuta makazi ya do, kisha andiko kamili la okestra.

Katika hatua ya mwisho mwanafunzi hujifunza kuacha. Vidole kumi havitoshi kupiga kila kilichoandikwa. Kazi hii inafanana na ufupisho wa matini: besi na tuni kuu zibaki, sauti za kati zinazobainisha mwafaka zifuate, na nota zinazorudiwa na ala kadhaa zipigwe mara moja. Franz Liszt, ambaye tafsiri zake za simfoni zote tisa za Beethoven kwa piano zilichapishwa kwa ukamilifu mwaka 1865, alikuwa na muda wa kuchagua. Mwanafunzi huchagua papo hapo, na uchaguzi wake humwonyesha mwalimu kama ameelewa andiko. Kwa hiyo mtihani umpe alama aliyeacha nota kumi zisizo na uzito na kushika besi, kuliko aliyezikimbilia zote akapoteza pigo.

8.0 Pingamizi la Mashine

Inaweza kuhojiwa kuwa siku hizi programu za kompyuta na simu hupiga andiko lolote, na rekodi zinapatikana kwa urahisi. Kwa nini basi mwanafunzi ahangaike na piano, tena mahali ambapo piano ni adimu?

Pingamizi hili lina uzito, lakini linachanganya kusikilizishwa na kusoma. Programu hupiga kosa la uchapaji kana kwamba ni nota sahihi. Rekodi humpa mwanafunzi uamuzi wa mwongozaji mwingine kabla hajafanya wa kwake. Isitoshe, wimbo mpya wa mtunzi wa kijijini, ulioandikwa kwa mkono usiku wa kuamkia mazoezi, hauna rekodi. Kuhusu uhaba wa piano, kinanda kidogo cha umeme kinatosha kwa hatua zote zilizotajwa, kwa kuwa lengo si tamasha.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kupiga andiko la muziki kwenye piano ni usomaji, kwamba solfa ni nyenzo ya usomaji huo, na kwamba nyimbo za Kiswahili zinadai vidole na ulimi vifanye kazi pamoja. Lililo muhimu zaidi linawahusu waimbaji. Watu arobaini wanaotoka kazini na kufika mazoezini jioni wanatoa muda wao na pumzi zao. Mwalimu anayetafuta sauti ya alto mbele yao hutumia muda huo kujifunza kile ambacho angepaswa kukijua kabla hawajafika. Vyuo vinavyofundisha uongozaji vidai stadi hii kwa ajili ya waimbaji hao, na viidai kwa njia inayomruhusu mwanafunzi kuingia darasani na solfa yake.